Atasimama na Nini?

Swali lilikuja usiku wa pili wa vikao vya mazishi, baada ya chai kumiminwa na hesabu ya michango kusomwa. Ami yangu, mdogo wake marehemu, alivua kofia akaiweka juu ya goti, akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika daftari la kamati.

"Wewe umesoma historia. Niambie. Tukimchoma, siku ya kiyama atasimama na nini?"

Shangazi alifundisha biolojia kwa zaidi ya miaka thelathini. Miezi michache kabla ya kufa, mkono ukiwa bado na nguvu ya kushika kalamu, aliandika kurasa mbili katika daftari la mazoezi, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alitaka mambo matatu. Asikae mochari zaidi ya siku tano. Achomwe Kariokor, Nairobi. Majivu yamwagwe katika Mto Mathioya, pale chini ya shamba la babu alipojifunzia kuogelea. Sababu hakuandika. Alikuwa mwalimu, na alizoea kutoa maagizo yakafuatwa.

Nilimjibu ami kwa haraka ya kijinga. "Hata akizikwa, si ataoza?"

Watu waliguna. Yeye hakukasirika. "Kuoza ni kazi ya Mungu," alisema. "Kuchoma itakuwa kazi yetu."

Ami ni mzee wa kanisa. Si mtu wa kelele, na tofauti aliyoiweka hapo si ndogo. Niliomba siku mbili. Usiku, nyumba ikiwa imejaa wageni waliolala hadi jikoni, nilikaa kwenye gari la binamu yangu nikiwa na kompyuta mapajani nikasoma. Nilianzia Lyon, kwa sababu nilikumbuka kwamba huko kulikuwa na majivu.

Mwaka 177 mji huo wa Gallia, unapokutana mito Rhône na Saône, ulikuwa na kundi dogo la Wakristo, wengi wao wahamiaji wa kutoka Asia Ndogo wanaosema Kigiriki. Mambo yalianza kwa kufukuzwa mabafuni na sokoni, yakaendelea kwa mawe, kisha gereza. Habari zao tunazipata katika barua ambayo makanisa ya Lyon na Vienne yaliwaandikia ndugu zao wa Asia na Frigia, na ambayo Eusebio wa Kaisaria aliinakili katika historia yake ya Kanisa. Askofu wao, Potino, alikuwa amepita miaka tisini na pumzi zilimpata kwa shida. Alipigwa mbele ya umati akafia gerezani baada ya siku mbili. Blandina alikuwa mtumwa. Mwili wake ulikuwa dhaifu hata bibi yake, aliyekamatwa pamoja naye, alihofu kwamba hataweza kustahimili. Waliomtesa walipokezana tangu asubuhi mpaka jioni, wakachoka wao. Alitundikwa kwenye nguzo kuwa chambo cha wanyama, wanyama hawakumgusa. Siku ya mwisho alipelekwa uwanjani na kijana wa miaka kumi na mitano aitwaye Pontiko, akamtia moyo hadi kijana akafa, kisha yeye mwenyewe akafungwa ndani ya wavu akarushwa na fahali.

Hayo yanajulikana na huhubiriwa. Yanayofuata hayahubiriwi sana. Maiti ziliachwa wazi siku sita chini ya ulinzi. Wakristo walijaribu kuziiba usiku, wakajaribu fedha, wakabembeleza, wasifue dafu. Hatimaye askari walizichoma, wakayafagia majivu ndani ya Rhône. Barua inaeleza na sababu: watu hawa walikwenda kufa wakifurahi kwa kuwa walitumaini kufufuka, basi waondolewe tumaini lenyewe, na tuone kama Mungu wao ataweza kuwatoa mikononi mwetu.

Nilifunga kompyuta. Swali la ami lilikuwa limekwisha kuulizwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane iliyopita, kando ya mto, na walioliuliza walikuwa wauaji. Huwezi kwenda kwa mzee mfiwa ukamwambia hivyo.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni jambo jingine. Baada ya majivu kwenda na maji, Wakristo wa Lyon walikuwa na njia rahisi ya kujiokoa. Wangeweza kusema kwamba mwili si kitu, ni vazi tu. Mmechoma nguo, mwenyewe yuko kwa Mungu. Wasomi wengi wa zama zile wangewaelewa, kwa kuwa tangu Plato ilizoeleka kuiona roho kama mfungwa na mwili kama gereza. Hata miongoni mwa waliojiita Wakristo walikuwapo Wagnostiki waliofundisha kwamba wokovu ni wa roho, na kwamba nyama itabaki ilipotoka. Baadhi ya walimu hao walikuwa na wafuasi katika bonde lile lile la Rhône.

Hawakuishika njia hiyo. Padre mmoja wa Lyon, Ireneo, alikuwa safarini kwenda Roma na barua za wafungwa wakati mateso yakiendelea, na ndiye aliyerudi akachukua kiti cha Potino. Baadaye aliandika vitabu vitano dhidi ya Wagnostiki, na katika cha tano alitetea kwa nguvu zote kwamba nyama yenyewe itafufuka. Aliyemfinyanga mtu kwa udongo akiwa hayupo kabisa, anasema, hashindwi kumfinyanga tena akiwa amekwisha kuwapo. Na nyama inayolishwa mkate na kikombe cha Bwana, nani athubutu kusema haiwezi kupokea uzima? Siamini kwamba mtu yule aliandika sura hizo bila kuusikia ule mto. Alikuwa akizungumza juu ya watu aliowajua, waliopita chini ya madaraja wakiwa vumbi.

Kwa nini basi walishikilia lililo gumu kuthibitisha? Jibu nililipata nyuma zaidi, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na sisi wengine hatunacho. Mfalme Antioko, katika karne ya pili kabla ya Kristo, anawatesa ndugu saba wa Kiyahudi mbele ya mama yao ili wale nguruwe. Wa tatu anapofikiwa anautoa ulimi mwenyewe na kuinyosha mikono ili ikatwe, akisema alivipata kutoka mbinguni na huko anatumaini kuvipokea tena. Tazama anachodai. Hadai kwamba roho yake haiguswi. Anadai ulimi. Anadai mikono.

Maandiko ya Kiebrania ya zamani zaidi hayasemi mengi juu ya wafu. Wanashuka Kuzimu, mahali pa kimya, basi. Tumaini la kuamka kutoka mavumbini linakuja wazi katika kitabu cha Danieli, ambacho wataalamu wengi wanakiweka katika miaka ile ile ya mateso ya Antioko. Haliwezi kuwa jambo la kubahatisha. Maadamu mwema alikufa mzee, ameshiba siku, wajukuu magotini, hapakuwa na deni. Lakini mwema akianza kuuawa kwa ajili ya wema wake, na muuaji akaenda zake kula, kuna hesabu ambayo haijafungwa. Na hesabu hiyo ni ya mwili, kwa kuwa jeraha ni la mwili. Ukisema tu kwamba roho iko salama, umemwachia mfalme ule ulimi.

Kwa hiyo nilivyoona mimi, imani hii ilianza kama dai mahakamani zaidi ya kuwa maelezo ya yatakayopata mifupa. Aliyelala chini kwa nguvu ya mwingine atasimama. Neno la Kigiriki, anastasis, maana yake ni hiyo tu, kusimama; na kiyama, tulilolipata kutoka Kiarabu, limetoka katika mzizi wa kusimama vilevile. Ami hakusema "atafufuka na nini." Alisema "atasimama na nini," na bila kujua alikuwa karibu na Kigiriki kuliko mimi.

Kiswahili kinatusaidia hapo, kisha kinatuficha jambo. Tuna neno mwili, na wafasiri walilitumia kubeba maneno mawili ya Kigiriki: soma, mwili mzima, mtu kama anavyoonekana; na sarx, nyama, kitu kinachochomwa na kuoza. Katika Kanuni ya Imani wengine wetu hukiri ufufuo wa mwili, wengine kiyama ya mwili, Wakatoliki ufufuko wa miili. Kilatini cha kanuni hiyo kinasema nyama, waziwazi. Nadhani tungeikiri kwa neno hilo, watu wangeinua vichwa kanisani siku ya kwanza.

Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika miaka ya hamsini na kitu, alikuwa mwangalifu zaidi. Alitumia mfano wa mbegu: unachopanda si kile kinachoota, ila ni chenyewe. Na katika sura ile ile aliandika kwamba nyama na damu haziurithi ufalme wa Mungu, jambo lililompa Ireneo kazi kubwa, kwa maana Wagnostiki waliupenda mstari huo kuliko wote. Huwa nacheka nikiona watu wakisema mafundisho haya yako wazi. Watakatifu wenyewe walivutana mashati.

Mateso yalipopoa kidogo, mvutano ukabadilika tabia. Waliokuwa wakidai haki wakageuka wahasibu. Mtu akizama baharini, samaki wakamla, samaki akavuliwa akaliwa na mtu mwingine, ile nyama ni ya nani siku ya mwisho? Fumbo hili wapagani walilipenda sana. Kuna kitabu chenye jina la Athenagora wa Athene kinacholijibu kwa kueleza mmeng'enyo wa chakula: nyama ya mtu, kinasema, haiwezi kamwe kugeuka kuwa nyama halisi ya mtu mwingine. Ni biolojia mbaya. Shangazi angeipiga alama nyekundu ukurasa mzima.

Origene wa Aleksandria angempatia alama nyingi zaidi. Baba yake alikatwa kichwa kwa ajili ya imani Origene akiwa bado kijana, na yeye mwenyewe uzeeni aliteswa kwa kunyoshwa miguu katika mateso ya Kaisari Desio. Hakuwa mtu wa kuudharau mwili kwa sababu hakuwahi kuumia. Alisema mwili ni mto. Maji ya leo si ya jana, hata kati ya leo na kesho chakula kinaingia na kingine kinatoka, na bado tunamtambua Petro kuwa Petro kwa kuwa kuna sura inayoshikilia. Sura hiyo ndiyo itakayosimama. Wengi walimshambulia kwa hilo, Methodio wa Olimpo mbele yao, wakiona kwamba ametoa nyama kwa mlango wa nyuma. Lakini nikiwa ndani ya gari lile, na Mathioya ukisikika bondeni, nilimwona kuwa ndiye pekee aliyekaa na jambo lenyewe bila kuogopa maji.

Augustino naye, katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, aliingia kwenye maswali ambayo askofu wa leo angeyakwepa. Kucha zote tulizokata, nywele zote za kinyozi, zitarudi? Akajibu kwa mfano wa fundi anayeyeyusha sanamu na kuifanya upya: shaba yote imo, lakini hakuna haja kipande cha pua kirudi puani. Nyama iliyoliwa na mwenye njaa itarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Yule aliyekula aliikopa tu. Majeraha ya wafiadini, je? Hapo alitulia akasema kwamba pengine yatabaki kuonekana, bila ulemavu, kama heshima. Nilipofika hapo niliona dai la haki likirejea kupitia mlango wa hesabu.

Juu ya moto wenyewe nilipata jibu katika kitabu kidogo cha Minusio Feliki kiitwacho Octavius. Mpagani anawacheka Wakristo kwa kuchukia kuchoma maiti, kana kwamba mwili usipochomwa hautageuka vumbi na miaka. Mkristo anamjibu kwamba hawaogopi hasara yoyote kutokana na namna ya kuzikwa. Wanafuata tu desturi ya kale wanayoiona bora, ya kuweka mwili ardhini. Ni desturi, si hofu. Niliandika maneno hayo kwenye daftari la kamati, kati ya orodha ya waliotoa sukari na waliotoa hema.

Laiti ningeishia hapo. Ningeingia kwenye kikao nimejaa. Nikaendelea kusoma.

Kanisa lililozaliwa na watu waliofanywa majivu lilipopata upanga, nalo lilijifunza matumizi ya moto. Karolo Mkuu aliwawekea Wasaksoni sheria katika karne ya nane: atakayechoma maiti kwa desturi ya kipagani auawe. Mwaka 1299 Papa Bonifasi wa Nane ilimbidi apige marufuku mtindo wa wakubwa waliokufa ugenini, ambao watumishi wao waliwakatakata na kuwachemsha ili mifupa isafiri kwa wepesi kwenda nyumbani. Naona familia zilizofanya hivyo hazikuwa tofauti sana na kamati zetu zinazokodi basi kurudisha mtu kijijini, isipokuwa hazikuwa na barafu.

Kisha wazushi. Jan Hus alichomwa Konstanz mwaka 1415 na majivu yake yakatupwa katika Rhine yasije yakafanywa kumbukumbu takatifu. Mtaguso ule ule ulimhukumu pia John Wyclif, ambaye tayari alikuwa amekufa tangu 1384 na kuzikwa kwa heshima zote kijijini Lutterworth. Mwaka 1428 walimfukua, wakaichoma mifupa, wakamwaga majivu katika kijito kinachoitwa Swift. Ni ile kazi ya Lyon, hatua kwa hatua, mpaka mto. Safari hii walioshika fagio walikuwa maaskofu, watu waliokiri kila Jumapili kwamba nyama itafufuka. Kama waliamini kwamba Mungu aliyakusanya majivu ya Blandina, walidhani ya Wyclif yatamshinda? Nadhani hawakudhani chochote. Muuaji siku zote anataka asibakize mahali pa mtu kusimama.

Hapo nilianza kumwelewa ami. "Kuchoma itakuwa kazi yetu." Kwa karne nyingi moto haukuwa namna ya kuaga, ulikuwa namna ya kufuta. Tanuri za kisasa za kuchomea maiti zilipoanza Ulaya katika karne ya kumi na tisa, Italia hasa, baadhi ya walioziunga mkono walikuwa wakilipiga Kanisa vijembe kwa makusudi, na Roma ikakataza mwaka 1886. Katazo liliondolewa 1963. Mwaka 2016 Vatikani ilieleza tena: waumini wanaweza kuchomwa mradi si kwa kukana ufufuo, na majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe hewani, ardhini wala majini. Kwa Waanglikana mambo yalikwenda kimya zaidi. William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury, alichomwa alipofariki mwaka 1944.

Kwetu Kenya hayakwenda kimya. Askofu Mkuu Manasses Kuria, aliyeliongoza Kanisa Anglikana tangu 1980 hadi 1994, alimchoma mkewe Mary alipofariki mwaka 2002, watu wakashangaa hadi mitaani. Yeye mwenyewe akafuata njia hiyo hiyo mwaka 2005. Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011 hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, akapelekwa Kariokor. Mara zote tatu wapo waliosema si desturi ya Mwafrika. Lakini Wagikuyu wa zamani, mababu wa Maathai na wa ami na wangu, walizika wachache tu, wazee wenye mali na watoto. Wengine walitolewa nje porini, fisi wakafanya kazi iliyobaki. Kaburi la kila mtu lilikuja na wamisionari na amri za serikali ya kikoloni. Jambo tunalolilinda kwa jina la mababu, mababu wengi hawakulipata.

Hilo nalo nililiandika. Kisha nikalifuta, kwa kuwa lilikuwa na harufu ya ushindi.

Sababu ya kulifuta ilikuwa Augustino tena, safari hii katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, alichokianza baada ya Roma kutekwa mwaka 410. Maiti zilikuwa nyingi kuliko wazikaji, na wapagani waliwasuta Wakristo kwamba Mungu wao hata makaburi hakuwapa. Anawajibu kwamba aliyekosa kaburi hajapoteza kitu; anayefufua anajua pa kumpata. Matanga, jeneza, msafara, yote hayo ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa waliokufa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliruka, nikaona nimempata shahidi wa shangazi. Nilipoisoma mara ya pili niliona kwamba ni shahidi wa ami pia. Kama mazishi ni ya walio hai, basi yule aliyekuwa hai pale sebuleni, kofia juu ya goti, naye ana sehemu yake.

Katika kikao sikusoma hata nusu ya nilivyokusanya. Nilisimulia Lyon. Nilisimulia Blandina polepole, mpaka wavu na fahali, mpaka siku sita, mpaka ufagio. Nilipofika kwenye mto nilinyamaza. Ami alitazama sakafu kwa muda.

"Na huyo Blandina," alisema, "kanisa linasema atasimama?"

"Linasema ni mtakatifu."

"Akiwa mtoni."

"Akiwa mtoni, ami."

Aliuliza kama nina maandishi, nikampa kompyuta, akasoma mwenyewe kwa miwani ya mtu mwingine. Kisha akasema maneno ambayo nilikuwa nikiyaogopa tangu usiku wa kwanza. "Lakini wale walichomwa na adui. Dada yangu nitamchoma mimi."

Hapakuwa na kitabu cha kujibu hilo. Nilimwambia kwamba aliomba. Nikamwonyesha daftari, mwandiko ulivyoanza kutetemeka kwenye ukurasa wa pili. Alishika ule ukurasa kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika picha iliyoloa.

Mwishowe alikubali Kariokor na akakataa mto. Majivu yangezikwa nyumbani, kando ya babu na nyanya. Tulibishana hadi saa saba usiku, nami nikakubali. Siwezi kusema kama nilifanya vyema. Shangazi aliagiza mambo matatu. Siku tano zilikuwa zimekwisha kupita, na mto hatukumpa. Katika matatu alipata moja.

Alichomwa siku ya sita. Kesho yake tuliyabeba majivu hadi Murang'a katika kasha dogo la mbao, binamu yangu akiwa amelipakata njia nzima, amelifunga na mkanda wa gari. Tulipofika tulikuta vijana wamechimba kaburi kamili. Futi sita kwenda chini, na urefu wa mtu mzima. Ami alikuwa amewapimia kwa kamba urefu wa dada yake. Nilimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba kasha lenyewe si kubwa kuliko redio.

"Nalijua," alisema. "Mtu hazikwi kwenye shimo la mkebe."

Mhubiri alisoma, tukaimba. Kijana mmoja alishuka na kasha. Kule chini lilionekana kama kitu ambacho mtu amekisahau. Ami alisogea ukingoni, akainama, akauliza kichwa kiko upande gani.

Watu walitazamana. Kijana aliinua macho kutoka shimoni, kasha mikononi, akasubiri. Kwetu marehemu hulazwa miguu ikielekea mashariki, ili akisimama asimame akilitazama jua, na hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kasha lilikuwa na pembe nne zinazofanana. Kwenye kifuniko palikuwa na jina lake na miaka miwili.

"Lisome jina," ami alimwambia. "Herufi za kwanza ziwe kule." Akaonyesha kwa kofia.

Kijana akaligeuza kasha. Halafu akaomba ngazi.